Sauti Inayosoma Majina: Dhamana ya Vyombo vya Habari Pale Dola Inapoanguka

Na Mwandishi Wetu, Kilole, Korogwe

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu matumizi ya kalamu na akampa ulimi wa kubainishia yaliyo moyoni. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, tunapozungumzia kuanguka kwa dola, wengi wetu hufikiria mizinga, vifaru na viongozi wanaokimbia usiku. Hayo ni kweli, lakini si mwanzo wa jambo. Kabla bunduki haijalia, huwa kuna maneno yaliyokwisha kusemwa, kusikilizwa na kuaminiwa. Na baada ya bunduki kunyamaza, huwa kuna maneno yanayohitajika ili watu waliotawanyika wakutane tena. Katika makala yetu ya Ijumaa ya leo, kwa uwezo wake Allah (S.W.), tutaangalia dhamana waliyoibeba wenye redio, magazeti na simu katika nyakati hizo, na hukumu ambayo dini yetu imeiweka juu ya kila mwenye kupokea habari na mwenye kuipeleka.

Wageni waliorudi nyumbani

Mtu anaweza kuuliza: sisi wa Kilole na Korogwe, na ndugu zetu wa Handeni, tuna nini na habari za dola zilizoanguka? Jibu lake liko karibu sana nasi. Katika karne ya 19, watu wengi wa kabila la Wazigua walichukuliwa kutoka katika nchi hii, wengine wakisukumwa na njaa na kuhadaiwa, wakasafirishwa kwa majahazi na wafanyabiashara ya utumwa hadi bandari za Somalia. Baadhi yao walitoroka wakaweka makazi katika bonde la mto Juba. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko wakalima, wakasilimu, wakazaa, na vizazi vikapita bila wao kuiacha lugha ya Kizigua.

Mwezi Januari 1991, utawala wa Siad Barre ulipoanguka mjini Mogadishu, bonde la Juba likageuka kuwa ghala la kuporwa. Wanamgambo wa koo mbalimbali walipita humo wakichukua nafaka, mifugo na roho za watu. Wakulima wale hawakuwa na silaha, wala hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwalipizia kisasi. Wakakimbia. Wengi waliishia katika kambi za Dadaab nchini Kenya, na kuanzia mwaka 2003 maelfu kati yao walipelekwa Marekani. Wengine waliendelea kusini mpaka mkoa wetu wa Tanga, wakapokewa Handeni, na hatimaye wakapewa makazi Chogo na fursa ya kuwa raia wa Tanzania. Wazee wa Handeni wakakutana na watu waliotoka Somalia wakizungumza lugha ambayo bibi zao walikuwa wakiizungumza.

Tumelitanguliza jambo hili kwa sababu lina somo ambalo ni rahisi kulipita. Katika vita vya Somalia, kila kundi lenye bunduki lilitafuta na redio yake. Watu wa bonde la Juba hawakuwa na bunduki, basi hawakuwa na redio. Waliporwa na kuuawa bila ya kuwapo mtangazaji wa kusema kuwa wamekufa. Hiyo ndiyo hali ya kwanza ya dola iliyoanguka: sauti huifuata silaha, na asiye na silaha hukosa hata wa kumsomea jina lake.

Mogadishu: redio ndani ya ghala la silaha

Tukibakia Somalia, tunakuta tukio la tarehe 5 Juni 1993 ambalo lafaa kuzingatiwa na kila Muislamu. Wanajeshi wa Pakistani waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walitumwa kukagua maeneo yaliyohifadhiwa silaha mjini Mogadishu. Mojawapo ya maeneo hayo lilikuwa ni kituo cha redio kilichokuwa mikononi mwa kundi la Jenerali Mohamed Farah Aidid. Kwa muda kabla ya siku hiyo, redio ile ilikuwa ikiwashambulia kwa maneno wageni wa Umoja wa Mataifa. Uvumi ukaenea mjini kwamba wageni wamekuja kuiteka redio. Watu wakamiminika barabarani, na wenye silaha wakawa miongoni mwao. Jua lilipozama, wanajeshi 24 wa Pakistani walikuwa wameuawa, na Wasomali wengi vilevile.

Wapakistani wale walikuwa Waislamu. Waliowaua walikuwa Waislamu. Wote walielekea kibla kimoja. Kilichosimama kati yao siku ile ni habari ambayo hakuna aliyesimama kuithibitisha. Matokeo yake hayakukoma hapo, kwani msako wa kumtafuta Jenerali Aidid ulioanza baada ya tukio hilo ndio uliofikisha mji kwenye mapigano ya Oktoba mwaka ule, ambamo waliuawa askari 18 wa Marekani na mamia ya Wasomali.

Hata hivyo, si haki kuitaja Somalia kwa ubaya pekee. Mwaka 1999, Wasomali waliokuwa wakiishi Canada walirudi Mogadishu wakaanzisha redio ya HornAfrik, isiyokuwa mali ya mbabe yeyote wa vita. Kwa miaka kadhaa iliwapa wakazi wa mji nafasi ya kuuliza maswali ambayo wababe hawakupenda kuulizwa. Gharama yake ilikuwa kubwa. Tarehe 11 Agosti 2007, mtangazaji wake Mahad Ahmed Elmi aliuawa kwa kupigwa risasi asubuhi, na mmoja wa waanzilishi wake, Ali Iman Sharmarke, akauawa kwa bomu la barabarani siku hiyohiyo alipokuwa akitoka kumzika. Hao ni Waislamu waliokufa kwa ajili ya kusema yale waliyoyathibitisha. Tunamuomba Allah awarehemu.

Kigali: majina yaliyosomwa ili watu wauawe

Ama Rwanda, huko habari ilifikia ukomo wa uovu. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo yake Julai 1993, mwezi mmoja kabla ya kutiwa saini mkataba wa amani wa Arusha. Haikuanza kwa kutangaza mauaji. Ilianza kwa muziki uliopendwa na vijana, mzaha na mazungumzo ya kirafiki, tofauti na redio ya serikali iliyozoeleka kwa ukavu wake. Watu wakaizoea kama mtu anavyomzoea rafiki wa barazani. Kisha taratibu rafiki huyo akaanza kuwaita jirani zao mende.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitokea katika mkutano Dar es Salaam, ilidunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Kuanzia hapo RTLM ikaacha mzaha. Ikasoma majina ya watu, mitaa wanamoishi, magari wanayoyatumia, na mahali walikojificha. Msomaji azingatie: redio ilisoma majina, na waliotajwa wakafuatwa na mapanga. Katika muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia 800,000, na serikali ya Rwanda hutaja idadi inayozidi milioni moja, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kuua.

Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa na Umoja wa Mataifa na kuwekwa Arusha, katika nchi yetu, iliwahukumu wenye maneno hayo tarehe 3 Desemba 2003. Walikuwa watatu: Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililoanza mwaka 1990. Baada ya rufani, iliyoamuliwa tarehe 28 Novemba 2007, baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa kuwa miaka 30, 32 na 35 kwa kufuatana. Lakini msingi ulibaki: mtu anaweza kuwa mshiriki wa mauaji kwa kalamu na kipaza sauti.

Hapa pana jambo ambalo ukurasa huu hauna budi kulisema, ijapokuwa ni chungu. Hassan Ngeze ni Muislamu. Jina lake ni la Kiislamu, na halikumzuia kuchapisha chuki dhidi ya watu ambao Allah amewaumba. Upande wa pili, Waislamu wengi wa Rwanda, hasa katika mtaa wa Nyamirambo mjini Kigali, wanakumbukwa kwa kuwaficha majirani zao majumbani na kukataa kuwatoa. Wote hao waliisikia redio ileile. Kilichowatenganisha hakikuwa jina wala vazi. Ni kwamba mmoja aliigeuza habari kuwa silaha, na wengine waliisikia habari wakaikataa. Siku ya Kiyama hatutaulizwa jina la gazeti letu. Tutaulizwa tuliandika nini ndani yake.

Majina yaliyosomwa ili watu wakutane

Ndugu msomaji, kipaza sauti kilekile kinachoua kinaweza pia kuhuisha. Wakati Somalia ilipokuwa haina serikali, wala posta, wala simu za kutegemewa, Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, iliendelea kusikika. Kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ilisoma hewani majina ya watu waliopoteana: fulani bin fulani anatafutwa na mama yake aliye katika kambi fulani. Wasomali walikusanyika mbele ya redio wakisubiri jina la mtu wa nyumba yao.

Vivyo hivyo, mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo kwa lugha za Kinyarwanda na Kirundi kwa ajili ya waliotawanywa na mauaji, na jina lake, Gahuzamiryango, maana yake ni chenye kuunganisha familia. Na katika nchi yetu, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kiasi cha siku moja. Mwaka uliofuata ikaanzishwa huko Ngara Redio Kwizera, yaani tumaini, chini ya shirika la Kikatoliki linalowahudumia wakimbizi. Haki inatutaka tuwataje kwa wema wasiokuwa wa dini yetu pale walipotenda wema.

Basi tafakari. Kigali ilisoma majina ili watu watafutwe na kuuawa. Redio nyingine zilisoma majina ili watu watafutwe na kukumbatiwa. Chombo ni kimoja na mawimbi ni yaleyale. Tofauti imo katika nia ya msomaji wa majina na katika ukweli wa anachokisoma. Ndiyo maana dini yetu haikuanza kwa kukisemesha chombo. Ilianza kwa kumsemesha mtu.

Funzo la Madina

Madina ya zama za Mtume (S.A.W.) ilikuwa dola changa. Ndani yake mlikuwa na makabila mawili ya Aus na Khazraj, yaliyokuwa yamepigana kwa miaka mingi kabla ya Uislamu, na nje yake walikuwepo maadui waliotamani ianguke. Katika hali hiyo ndipo ulipozushwa uongo juu ya mama wa waumini, Bi. Aisha (R.A.), katika tukio linalojulikana kama Ifki. Uzushi ule ulizunguka mjini kiasi cha mwezi mzima. Katika hadithi ndefu ya Bi. Aisha mwenyewe, iliyopokewa na Imam Bukhari, imeelezwa kuwa Mtume (S.A.W.) alipolizungumzia jambo hilo juu ya mimbari, watu wa Aus na Khazraj walisimama wakarushiana maneno mpaka wakakaribia kupigana, naye akawa anawatuliza hadi wakanyamaza.

Tusiipite nukta hii haraka. Uvumi mmoja juu ya heshima ya mtu mmoja ulikaribia kuifufua vita ya zamani, ndani ya msikiti, mbele ya Mtume mwenyewe. Ikiwa dola yenye Mtume ndani yake ilitikisika kwa uvumi, ni nchi gani ya leo inayoweza kujidai kuwa imesalimika? Katika Suratun Nur, Allah (S.W.) hakuwalaumu waliozua peke yao. Amewalaumu pia wale walioupokea uzushi kwa ndimi zao na kuupitisha, wakidhani kuwa ni jambo jepesi, na wale ambao hawakuanza kwa kuwadhania wenzao wema.

Kadhalika, katika Suratul Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuichunguza habari wanayoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakabaki na majuto. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 83, imesemwa hali ambayo ni kana kwamba imeelezwa kwa ajili ya zama zetu: watu wanaojiwa na jambo la amani au la hofu wakalitangaza papo hapo, ilhali wangelirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao, wangelijua wale wenye uwezo wa kulipambanua.

Mtume (S.A.W.) alilionesha hilo kwa vitendo. Katika vita vya Khandaq, Madina ikiwa imezingirwa, zilimfikia habari kuwa Banu Quraidha wamevunja mkataba. Hakuzitangaza, na wala hakuzipuuza. Aliwatuma Saad bin Muadh na Saad bin Ubada (R.A.) pamoja na wenzao wakahakikishe. Akawaagiza kuwa wakikuta ni kweli, wamfahamishe kwa ishara anayoielewa ili watu wasivunjike nyoyo. Na wakikuta ni uongo, watangaze hadharani. Humo mna kanuni mbili ambazo mhariri yeyote angezihitaji: habari haitangazwi kabla ya kupelekewa watu wa kuihakikisha, na hata ikithibiti, namna ya kuisema huangaliwa pamoja na madhara yake.

Na umma wetu ulionja uchungu wa kuiacha kanuni hiyo. Katika mwaka wa 35 Hijria, wajumbe kutoka Misri waliokuwa wamekwisha kupatana na Khalifa Uthman bin Affan (R.A.) walikamata njiani barua yenye mhuri wake, ikiamrisha waadhibiwe. Walirudi Madina kwa hasira. Khalifa aliapa kuwa hakuiandika wala hakuiamrisha. Hawakungoja mwandishi wa barua abainike. Wakaizingira nyumba yake, na mwisho akauawa ilhali msahafu uko mbele yake. Umma uliogawanyika siku ile haujaungana kikamilifu hadi leo. Barua moja, wasomaji wenye hasira, na uchunguzi usiongojwa: hayo matatu yalitosha.

Je, kunyamazisha ni dawa?

Huenda mtu akasema: ikiwa maneno yana hatari kiasi hiki, basi serikali na izime redio, ifunge magazeti, ikate mawasiliano, na amani itapatikana. Hoja hii ina sura ya busara, lakini ushahidi wa eneo letu hauiungi mkono.

Nchini Kenya, matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Uvumi haukukoma, ulihamia katika ujumbe mfupi wa simu, ambako hakukuwa na mhariri wa kuulizwa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Redio za lugha za kikabila zililaumiwa kwa uchochezi, na mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM akafikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Tarehe 5 Aprili 2016, majaji kwa wingi wao waliisimamisha kesi hiyo kwa udhaifu wa ushahidi. Kwa hiyo nasi hatuna haki ya kumwita mhalifu. Kanuni ya uthibitisho haiwabagui tunaowapenda na tusiowapenda. Lililo la kukumbukwa kwa wema ni kuwa tarehe 3 Januari 2008, magazeti ya Kenya yaliyokuwa yakishindana sokoni yalichapisha kichwa kimoja cha habari kinachofanana, cha kuwasihi watu waiokoe nchi yao. Tarehe 28 Februari mwaka huo mapatano yakatiwa saini.

Nchini Burundi, tarehe 13 Mei 2015, jaribio la mapinduzi lilitangazwa redioni wakati Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwa mkutano. Mapinduzi yaliposhindwa, vituo vya RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance vilishambuliwa na kunyamazishwa, na hata Rema FM iliyokuwa upande wa serikali haikusalimika kushambuliwa. Miongoni mwao walikuwemo wanahabari waliolelewa katika kazi ya Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995 ili Wahutu na Watutsi waandae habari pamoja. Waandishi wengi wakakimbia nchi, na wananchi wakabaki gizani huku wakimbizi wakimiminika Kigoma.

Nasi wenyewe, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa, huku ghasia zikitokea katika miji mbalimbali na amri ya kutotoka nje usiku ikitangazwa Dar es Salaam. Watu walifariki, na idadi yao ikawa jambo la mabishano. Mzazi wa Korogwe mwenye mtoto Dar es Salaam hakupungukiwa na hofu kwa kukosa habari; hofu yake ilizidi, na akalazimika kumwamini yeyote aliyeshuka kwenye basi na kisa mdomoni. Giza haliondoi nyoka ndani ya nyumba. Linamwondolea mwenye nyumba uwezo wa kumwona.

Wala mtu asiitumie hadithi ya Khandaq kuhalalisha kuficha. Mtume (S.A.W.) hakuwaamrisha wajumbe wake waseme uongo, na aliijua hali halisi akaishughulikia kwa kuwalinda watu wake. Kusubiri ili kuhakikisha ni jambo moja, na kuufukia ukweli ni jambo jingine. Qur'an, katika Suratul Baqara, aya ya 283, imekataza kuificha shahada na kueleza kuwa moyo wa anayeificha umeingia dhambini. Mzushi na mfichaji wanakutana mahali pamoja: wote wawili wamewanyima watu haki yao ya kujua.

Wajibu wetu

Kutokana na tuliyoyaeleza, yapo mambo ambayo kila kundi linapaswa kujihesabia.

Kwanza, mwandishi wa habari ajue kuwa yeye ni shahidi kabla ya kuwa mfanyakazi. Anapotaja kabila, dini au jina la mtu katika wakati wa fitna, ajiulize: je, jina hili nalisoma ili mtu huyu akutwe na jamaa zake, au ili akutwe na maadui zake?

Pili, viongozi wetu wajue kuwa uaminifu haujengwi siku ya maafa. Serikali iliyowazoesha wananchi ukweli katika siku za kawaida, hata ukweli unaoiaibisha, ndiyo itakayosikilizwa siku itakaposema tulieni. Isiyofanya hivyo itazungumza na kuta.

Tatu, maimamu na makhatibu wasijione wako nje ya mjadala huu. Mimbari ni chombo cha habari cha kale kuliko gazeti lolote. Khatibu anayepanda na jambo alilolipata usiku katika simu yake, bila kujua limetoka wapi, ameipa habari hiyo heshima ya msikiti mzima.

Nne, na hili ni letu sote, kila mwenye simu leo ana kituo chake cha redio. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba inamtosha mtu kuhesabiwa muongo kwa kusimulia kila analolisikia. Hakusema kila analolizua. Mwenye kusambaza bila kuhakikisha asijifiche nyuma ya maneno, "Nimetumiwa tu."

Kanuni hii si ngeni kwetu. Katika vijiji na mitaa yetu, mtu anapofariki, jina lake hutangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti. Muadhini huwa hatangazi kwa kuwa amesikia watu wakinong'ona sokoni. Husubiri mpaka afike mtu wa nyumba ya msiba aseme nani amefariki, atazikwa wapi na saa ngapi. Hufanya hivyo kwa sababu anajua uzito wa kulisoma jina la mtu mbele ya watu: likisomwa kwa makosa, kuna mama atakayeanguka. Desturi hiyo ya kipaza sauti kimoja cha msikiti ndiyo iliyokosekana Kigali mwaka 1994 na Mogadishu mwaka 1993. Tukiihamishia katika simu zetu, magazeti yetu na redio zetu, tutakuwa tumeilinda nchi kwa sehemu iliyo ndani ya uwezo wetu.

Tunamuomba Allah (S.W.) azilinde ndimi na kalamu zetu, awarehemu waliouawa kwa maneno ya uongo, awakutanishe waliopoteana, na aijaalie nchi yetu na jirani zetu amani iliyosimama juu ya haki na ukweli. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.